Shangazi Raheli na Paka wa Zamu

Shangazi yangu Raheli tulimzika Jumanne ya wiki iliyopita. Mchungaji alisoma habari za maisha yake: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akafiwa na mume, akaimba kwaya miaka ishirini na tisa. Yote kweli tupu. Lakini hakumtaja paka, na kumweleza Raheli bila paka ni kama kumweleza Nuhu bila safina.

Mwaka wa sabini na nne tulihamishiwa kijiji kipya, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kinyangiri. Lori lilibeba watu, mbuzi, kuku na vihenge vya nafaka. Paka hawakupanda. Paka hufuata nyumba, hafuati mtu, kwa hiyo walibaki mahameni, kwenye nyumba tulizoziacha. Panya ndio waliokuja nasi, ndani ya vihenge, bila hata kuandikishwa.

Shangazi alirudi mahameni kwa miguu akamleta paka wake kapuni, dume la kijivu lenye sikio moja. Kesho yake paka akarudi kwao. Akafuatwa, akarudi tena. Mara ya tatu shangazi alimsugua samli kwenye nyayo. Paka akashinda akijilamba hadi jioni, akasahau safari, akahamia rasmi. Shangazi alimwita Bwana Afya, kwa sababu aliingia jikoni kwa watu bila hodi na kuchungulia vyungu.

Haukupita mwezi, kila nyumba ikawa inalia panya isipokuwa ya Raheli. Mkutano ukaitwa.

"Ardhi ni ya wote," alisema jirani yetu Gasto, "na trekta likija litakuwa la wote. Iweje paka awe wa mtu mmoja?"

"Trekta ukiliambia ni la wote, halina la kusema," shangazi akajibu. "Paka nani atamwambia?"

Watu walicheka, kisha wakapiga kura. Shangazi naye akanyoosha mkono, maana alikuwa mtu wa kushirikiana hata panapomuuma. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nipo likizo, nikapewa kazi ya kuandika ratiba: nyumba kumi na moja, kila nyumba siku mbili. Mistari niliipiga kwa rula. Mungu anisamehe.

Kwa kuwa Bwana Afya alimparua kila aliyejaribu kumbeba, shangazi mwenyewe ndiye aliyempeleka kwenye zamu, alasiri, kapu begani.

"Hodi jamani! Nimemleta mgeni. Msimpe maziwa, akishiba hafanyi kazi."

Wote walimpa maziwa.

Shida ikawa nyumbani kwake. Alikuwa na vibuyu vitatu vya mbegu ya mtama, masuke aliyoyachagua kwa mkono wake wakati wa mavuno. Alikuwa mjane, na mwaka ule hapakuwa na nyumba yenye mbegu ya kumgawia mtu. Zile zikiliwa, hana cha kupanda. Kwa hiyo alipigana. Alikata debe, akaivisha bati miguu ya kichanja cha vibuyu ili panya wateleze. Lakini panya wa tembe, nyumba ya paa la udongo, hahitaji kupanda. Hushuka kutoka darini. Alifukia chungu cha maji sakafuni, akatandaza pumba juu. Walizama panya wawili, kifaranga mmoja, na mguu wangu wa kushoto.

Asubuhi moja tukakuta gunzi lililoziba kibuyu cha kwanza limetafunwa, na ndani yamebaki makapi na mavi ya panya. Shangazi alikaa chini.

"Baba wa mbinguni," alisema, "siku ulipowaumba hawa, ulikuwa umechoka?"

Halafu akaomba radhi, kwa sauti, mara mbili.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Zamu yetu ilikuwa Alhamisi, na paka alikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Melkiori. Alhamisi ikapita. Ijumaa tulimfuata.

"Shikamoo, mwenyekiti. Nimekuja kumchukua paka."

"Marahaba, Raheli. Paka yupo kwenye shughuli za kijiji."

Shughuli za kijiji zilikuwa zimelala kwenye kiti cha mwenyekiti, tumbo juu.

"Atamaliza lini?"

"Mtajulishwa," alisema, akapanda baiskeli kwenda mkutanoni tarafani.

Shangazi hakubishana. Tulikwenda nyumbani, akajitwika kibuyu kimoja, mimi nikabeba cha pili, tukarudi palepale. Kristina, mke wa mwenyekiti, alikuwa anapepeta uwele uani.

"Dada Raheli, hivyo vya nini?"

"Mbegu. Kama paka hawezi kuzifuata mbegu, mbegu zimemfuata paka. Niziweke wapi, mvunguni?"

Kristina alicheka hadi ungo ukamponyoka. "Weka, dada. Huyo paka hapa hana anachofanya."

Gasto alikuwa ametuona. Muda si muda alifika na gunia lake la mbegu. Nyuma yake wakaja wengine, na mitungi, na vibuyu, na masuke yaliyofungwa mafungu. Kufikia jioni mvungu ulikuwa umejaa, kitanda kimejaa, nyuma ya mlango kumejaa. Mwenyekiti akarudi, akausukuma mlango wake kwa bega, ukagoma.

"Nani kaleta vitu hivi?"

"Wote," alisema Kristina. "Na mimi na watoto tunakwenda kulala kwa Raheli."

"Na mimi je?"

Kristina akanigeukia. "Mwanafunzi, lete rula yako. Mwandikie zamu."

Nilimwandikia. Alianza kwa Gasto, ambaye hukoroma. Mvua ilichelewa siku tisa, na mwenyekiti alilala nyumba tano. Bwana Afya, akiwa na nyumba moja tu ya kulinda, hakuruhusu hata gunzi moja liguswe. Tulipanda wote siku moja. Mwaka uliofuata kijiji kilijenga ghala la mbegu, paka akahamishiwa humo, kwa samli, na ufunguo akapewa Raheli.

Jumanne ile ya mazishi mzee Melkiori alikuja makaburini na fimbo yake. "Shangazi yako alinihamahamisha," aliniambia, na machozi yakamtoka, na mimi yakanitoka.

Leo nimepanga vyombo vyake nikakuta kibuyu kimoja, kimezibwa gunzi jipya, kimejaa mtama. Nitaupanda mvua zikija, Mungu akipenda. Nimekiweka mvunguni kwa sasa, na nimemwomba Gasto paka.