Asembli Kwanza, Karafuu Baadaye

Kabla ya ugomvi wenyewe, hali ilikuwa hivi. Katika chuo kimoja cha ufundi, Chake Chake, tulikuwa walimu wawili wa kuprogramu mikrokontrola, vile vijikompyuta vya ukubwa wa kucha vinavyowasha taa na kuzima pampu. Mwenzangu, mwanamke wa Vitongoji, aliwaanzisha wanafunzi kwa lugha ya C, ambayo mstari wake mmoja hufanya kazi ya amri nyingi. Mimi niliwaanzisha kwa asembli, lugha inayouamrisha mtambo hatua moja moja, kwa kuwa niliamini, wala sikuficha, kwamba asiyeijua hajui kitu. Ndivyo nilivyosomeshwa Kurani: herufi, kisha irabu, kisha sura. Hakuna aliyeruka.

Katika kundi langu alikuwamo mama mmoja wa Wawi, mkulima wa karafuu. Hakuja kutafuta cheti. Alitaka king'ora kitakacholia tone la kwanza la mvua likigusa jamvi la kuanikia karafuu, ili akiwa shambani anachuma, aliye nyumbani apate kuanua. Msimu ulikuwa karibu.

"Mwalimu, king'ora changu lini?"

"Ukishahifadhi amri zote."

Wakahifadhi. Wiki ya nne walizisoma kwa pamoja, kwa mahadhi yale yale ya chuo cha Kurani, huku wakiyumba, nami nikaridhika kama mpumbavu. Nilipowaambia wawashe taa moja tu, hakuna aliyeweza. Walijua kila amri inaitwaje; hawakujua waanze na ipi.

Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Shehe, khitma lini? Tulete ubwabwa?"

Darasa zima likacheka. Nikamwambia mbele yao kwamba yeye anafuga kasuku wanaonakili mistari ya watu.

"Kasuku wangu wanawasha taa," akanijibu. "Wako wanaimba gizani."

Yule mama akaleta fomu ya kuhamia kwa mwenzangu. Ilihitaji saini yangu, nami nilikataa kuitia. Nikamwambia asubiri wiki mbili, atanishukuru.

"Karafuu haina subira yako, mwalimu."

Nilijua anasema kweli. Nilikataa kwa sababu ya kile kicheko.

Siku ya tisa tangu nimkatalie, mvua ilinyesha mchana, yeye yuko juu ya mkarafuu, na nyumbani aliyeachiwa kazi alikuwa amelala. Alipokuja darasani alimwaga kiganja cha karafuu juu ya daftari langu. Zilikuwa zimepauka na kuvunda.

"Hizi nazo zihifadhishe, mwalimu."

Nikasaini mbele yake. Hakuniaga.

Kwa mwenzangu king'ora kilikamilika kwa siku nne, bila hata mstari mmoja wa asembli. Muhula uliofuata wanaoanza wote alipewa yeye, na mimi nikapewa asembli kwa wale waliokwisha kumaliza kwake. Walijiandikisha watatu.