Karani Anayewasomea Watoto Maneno Yao

Karani wa baraza la kata ana mwandiko mdogo ulionyooka, na kidole cha kati chenye sugu ya kalamu. Wanafunzi wa shule ya msingi wanapokuja kikaoni, huwapa viti vya mbele, na huinamisha kichwa ili asikie hata sauti inayotetemeka. Mtoto akimaliza kusema, humwita mezani na kumsomea alichoandika, polepole, kama anavyomsomea diwani. "Nikikosea nisahihishe, mwanangu." Wajumbe humtania: "Karani, leo utatulaza hapa!" Yeye huendelea kusoma.

Juzi msichana wa darasa la nne alieleza kwamba milango yote sita ya vyoo vya wasichana haina komeo, na kwamba wenzake hawanywi maji kutwa nzima ili wasilazimike kwenda. Karani akamsomea: "Baadhi ya milango haina komeo." Mtoto akatikisa kichwa.

"Sikusema baadhi, babu. Nimesema yote sita."

"Baadhi inatosha, tusonge mbele," mwenyekiti akadakia.

Karani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Haitoshi, mwenyekiti. Fundi hutengeneza kilichoandikwa tu. Kosa ni langu, nimezoea kuwalainishia wakubwa maneno." Akalikata neno lake kwa mstari mmoja, akaandika "yote sita", kisha akamgeuzia mtoto daftari. Msichana alisoma taratibu, kidole chake kikifuata mstari, na ukumbi mzima, mwenyekiti akiwemo, ukamsubiri amalize.