Ukuta wa Mashariki

Mume wangu alikuwa fundi seremala, na chumba cha vioo alikijenga kwa ajili yangu. Mwenye duka mmoja pale Ifakara alikuwa amebomoa duka lake la zamani, akamwachia madirisha. Mume wangu akayasimamisha upande wa mashariki wa nyumba ya baba yake, akaezeka bati lililoegemea ukuta wa nyumba, kikawa chumba kirefu, chembamba, chenye mwanga ambao sikuwahi kuuona ndani ya nyumba yoyote. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Aliniambia mtoto ataota jua la asubuhi humo bila kupigwa na upepo.

Mtoto alikuwa na miezi miwili masika yalipoanza. Siku ya pili ya mvua niliona ukuta umeingia weusi kuanzia chini ya bati. Jioni maji yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye mkeka. Mume wangu akapanda juu, akaziba kila tundu la msumari kwa lami. Mvua iliporudi, maji yakaja palepale.

Baba mkwe, aliyeijenga nyumba ile mwenyewe alipohama kutoka Mahenge, alikuja akaweka kiganja ukutani.

"Bati halina kosa," alisema. "Ukuta huu ulikuwa wa nje. Mvua inaupiga kule juu, tofali zinakunywa, maji yanashuka kwa ndani mpaka huku kwenu. Zamani yalikuwa yakitokea nje, nani angeyaona?"

"Sasa dawa yake nini, baba?" mume wangu akauliza.

"Utachimba mfereji ukutani, juu kidogo ya paa lenu, upachike kipande cha bati kiyatoe maji nje. Lakini si sasa. Hizi ni tofali mbichi. Zikilowa ni tope tu. Ngoja kiangazi."

Pa kuhamia hapakuwepo. Wifi yangu na wanawe watatu walikuwa wamekimbia maji yaliyofunika mashamba yao ya mpunga kando ya mto, wakakaa chumba chetu cha zamani. Tukabaki kwenye vioo. Niliweka sufuria, nikaweka magunia, nikakamua magunia, nikayarudisha. Nguo zikaota ukungu. Mtoto akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima, na kila akikohoa mbavu zake zilionekana.

Mvua ikakatika siku tatu. Asubuhi ya nne nilimwambia mume wangu maneno ambayo nayakumbuka yote.

"Baba yako anasubiri kiangazi. Mtoto wako hatakifikia."

Alikunywa uji wake, akachukua patasi na nyundo.

Nilikuwa uani naanika nepi, mtoto mgongoni. Nilisikia nyundo ikigonga, ikatulia, ikagonga tena. Halafu nikasikia kishindo kizito, kama gunia la mpunga limetupwa kutoka juu, na baada yake vioo. Nilipozunguka nyumba, ukuta haukuwepo. Niliona kitanda cha wifi yangu, na shuka lake juu yake, kama vile nyumba imefunguliwa mlango. Yeye na wanawe walikuwa kisimani.

Tulichimba kwa mikono, mimi na majirani. Vioo vilikuwa vimechanganyika na udongo, vikatukata vidole, tukaendelea. Tulipomfikia alikuwa hapumui tena.

Mtoto alipona. Watawa wa hospitali walimtibu wiki mbili, na mimi nikarudi kwa baba mkwe kwa sababu sikuwa na kwingine. Miezi ilipita. Alinisalimia vizuri, aliniletea samaki, na kila alipofungua kinywa nilidhani sasa atasema juu ya ukuta. Hakusema. Mwishowe nikashindwa kuvumilia. Nilimpelekea uji asubuhi, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba. Ni mimi niliyemwambia akate ukuta."

Alipokea bakuli, akalishika bila kunywa.

"Marahaba," alisema. "Mumeo alikuja kuniuliza asubuhi ile, mwanangu. Nilikuwa natoka kwenda shamba. Akaniambia, baba, siku tatu haijanyesha. Nami nilijua siku tatu si kitu kwa ukuta kama ule. Lakini hata mimi nilikuwa namsikia mtoto anavyokohoa. Nikamwambia, haya, kata, ila polepole."

Ndipo nilipomwona akilia. Msibani hakulia mbele ya watu; alisimamia kuchimbwa kwa kaburi, akahesabu viti vya wageni, akamshukuru padre. Sasa machozi yalimdondokea ndani ya bakuli naye hakuyafuta. Nilitaka kumwambia hana kosa, nikaona kwamba nikimwambia hivyo, naye atalazimika kuniambia vilevile, na hakuna kati yetu ambaye angeamini. Tulikaa hivyo mpaka uji ukapoa. Chumbani mtoto aliamka akaanza kuita, na baba mkwe akainuka yeye kwenda kumchukua.