Saa Mbili Hadi Brussels

Mdogo wangu aliolewa Brussels, akajifungua hukohuko. Mimi naishi Spånga, nje kidogo ya Stockholm, na tangu niondoke Tabora miaka kumi na miwili iliyopita tulikuwa hatujaonana. Jioni moja alinipigia kuniambia mwanawe ametimiza mwezi. Nikaropoka, "Nakuja Alhamisi!"

Hata sikujua ni mbali kiasi gani. Nikamwomba binti yangu aangalie. Ana miaka kumi. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi. Akabofya simu yake: kilomita elfu moja na mia mbili na ushee. Na kwa ndege je?

"Två timmar, mamma."

Saa mbili! Miaka yote hiyo nimemlilia mdogo wangu, na sasa yuko saa mbili tu! Kutoka Tabora kwenda Dar kwa treni tulikuwa tunalala njiani. Nilianza kuruka sebuleni.

"Dada, upo?" akauliza mdogo wangu. "Ndege saa ngapi?"

"Saa mbili!" nikapiga kelele. "Saa mbili tu!"

"Haya, nakuja kukupokea."

Alhamisi nilipanda treni ya kwenda uwanja wa ndege nikiwa na mandazi ya moto kwenye mkoba. Tulipofika Upplands Väsby, ambako nawahudumia wazee, nilijikunyata kitini kama mtoro wa shule, ingawa likizo nilipewa. Cheko lilinibana hadi abiria wa mbele akageuka.

Ndege iliruka saa sita mchana. Jirani yangu, mzee wa Kiswidi, alikuwa amejificha nyuma ya gazeti. Nilimweleza habari za mtoto, na za mama yake, na za Tabora. Gazeti likashuka kidogo kidogo. Tulipoanza kutua alikuwa anatafuna andazi la tatu, na ananiuliza iliki ni kitu gani.

Nilitoka mlangoni saa nane na nusu. Mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni, viatu kavua, mtoto kifuani, na shada la maua limelegea kama mchicha wa jana.

"Wewe dada!" akafoka. "Nipo hapa tangu saa mbili!"

"Saa mbili ya nini?"

"Ya asubuhi! Si ulisema ndege saa mbili?"

"Nilisema inachukua saa mbili!"

Tukatazamana. Kumbe alikurupuka alfajiri, akasahau simu kitandani. Alipokosa kuniona, akaogopa kwenda kuifuata tusije tukapishana. Saa sita na nusu nzima. Mwanamke wa mgahawa alikuwa ameshambeba mtoto mara mbili na kumpa mama mtu supu.

Nilitaka kumwomba radhi, lakini kinywani kilitoka kicheko. Yeye akajaribu kununa, akashindwa, akaniangukia begani. Tulicheka mpaka machozi, mpaka mtoto akaamka, akatukazia macho kama hakimu. Nikambeba. Alikuwa mzito kuliko kwenye picha, na ananukia maziwa.

Kwenye treni ya kwenda kwake tulisemezana wote kwa pamoja, hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Tulipochungulia dirishani, mdogo wangu akashika kichwa: tulikuwa tumepitiliza vituo vinne.