Kivumbasi cha Mlimani

Tangu homa ile ya mwaka juzi pua yangu haisikii kitu. Napika kwenye hoteli ya barabarani hapa Mikumi, na kitunguu kikiungua sijui hadi wahudumu waniambie. Daktari alisema nisubiri. Nimesubiri mpaka hata kusikitika nimechoka. Mwezi uliopita nikapanda kwetu, milimani juu ya Kilosa, kutafuta kivumbasi, yale majani ya harufu kali. Nilijiambia harufu ya hicho haiwezi kunishinda.

Aliyekulia huko anakijua. Huota chenyewe kwenye mawe, mahali jembe haliingii. Kikichanua, bibi alitupandisha sisi wajukuu kilimani na khanga zake kuukuu za kubebea, akigomba njia nzima tusije tukang'oa mizizi. Kilianikwa jamvini, kisha kikapangwa kwenye kilindo, lile pipa la gome la mti: safu ya maharage, safu ya kivumbasi, mpaka juu, na wadudu hawakusogea. Ndiyo maana maharage ya kwetu yalinukia hata sahanini. Bibi naye alinukia hivyo hivyo, mikono, kitenge, hata Biblia yake. Nilipopelekwa shule ya bweni mjini, siku ya kwanza nilimwambia mwalimu wa zamu kwamba maharage yameharibika, kwa sababu hayanukii. Alicheka mpaka akakaa chini.

Bibi alishafariki zamani. Hakuacha picha, na sauti yake imeanza kunipotea. Nilikuwa nimebaki na ile harufu tu. Zamani nikifumba macho ilikuja yenyewe. Tangu niugue, haiji.

Shangazi, binti yake, ndiye aliyebaki na nyumba. Siku hizi maharage anayatia dawa ya unga ya dukani, na mlima wote umelimwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nikamweleza. Akachukua fimbo yake, tukapanda. Tulikuta kichaka kimoja tu, pembeni mwa shamba la mtu, kimechanua. Nikafikicha majani, nikavuta pumzi. Hewa baridi tu. Nikafikicha tena hadi viganja vikawa kijani. Nilidhani nitalia, wala sikulia. Nilisimama pale kama mtu anayengoja basi.

"Shangazi, kinanukiaje?"

Akaishika mikono yangu, akaisogeza usoni pake, akafumba macho.

"Mama," akasema.

Hakuiachia. Mimi sikusikia chochote, nikamwachia tu mikono aendelee kunusa.