Chuma cha Kuitia Roho

Nilipokuwa mtoto, ulipita msimu mmoja wa baridi ambao sikuusikia. Niliuona tu. Niliiona theluji juu ya mapipa ya taka nyuma ya nyumba yetu pale Stechford, nikawaona watu wanatoa moshi mdomoni wakisubiri basi, nikamwona baba akijaza mafuta ya taa kwenye hita kila jioni. Baridi yenyewe haikunifikia. Nilikuwa na miaka minane, na mama alikuwa amefariki kabla ya Krismasi.

Watu waliokuja kutupa pole walinisifu. Walikuwa Wakenya wachache waliojuana na mama hospitalini, wauguzi wenzake, na majirani Waingereza waliosimama mlangoni wakiwa na keki mkononi bila kujua waiweke wapi. "Wakesho ana moyo mgumu," walimwambia baba. "Hata chozi." Baba alishukuru, nami nikaona fahari kidogo, kama mtoto aliyepewa nyota na mwalimu. Leo nikimwona mtoto wa namna ile kwenye matanga, mwili hunisisimka. Simsifu. Namtazama miguu.

Nasema miguu kwa sababu jambo lenyewe lilianzia kwenye soksi.

Juu yetu, katika chumba cha chini ya paa, aliishi mpangaji mmoja, muuguzi wa wodi moja na mama. Jina lake lilikuwa refu, tukalikata likabaki Thangi. Kwao mwanamke mtu mzima huitwa Pi, nasi tulizoea Bi, basi hapakuwa na ubishi, akawa Bi Thangi. Alikuwa Mmizo. Wamizo ni watu wa milimani, kule kwenye pembe ya India inayopakana na Burma. Macho yake na uso wake viliwachanganya watu wa Birmingham. Kondakta wa basi alimwita Mchina. Mzee Mohinder, Kalasinga aliyekuwa fundi seremala Nairobi na sasa akifanya kazi na baba katika kiwanda cha magari Washwood Heath, alikataa katakata kwamba ni Mhindi mwenzake. "Mimi najua India," alisema. "Huyu mama iko ya nchi ingine."

Yeye na mama walipatana kwa sababu ya milima. Mama alizaliwa Taita, juu Wundanyi, mahali ambapo ukidondosha kibuyu unakifuata bondeni. Nakumbuka wakikaa jikoni baada ya zamu ya usiku, miguu ndani ya beseni la maji moto, wakishindana kwa miteremko. Bi Thangi alisimulia nyumba za mianzi zilizosimama juu ya nguzo, zimepangwa mgongoni mwa mlima, na kisima kikiwa chini kabisa, wanawake wakipanda na maji ndani ya vipande vinene vya mianzi, kikapu mgongoni na mkanda wake kwenye paji la uso. Walifyeka upande mmoja wa mlima, wakauchoma kabla ya mvua, wakapanda mpunga. Mwaka uliofuata wakauacha upumzike. Mama alicheka akisema Mungu aliwaumba watu wa milimani kwa udongo uliobaki.

Kijiji hicho cha Bi Thangi hakikuwapo tena. Hilo nalo nililisikia jikoni. Yeye akiwa tayari Uingereza, kulizuka vita vya waasi na serikali, askari wakaja, wakawapa watu muda mfupi wa kukusanya vyombo, kisha wakazitia nyumba moto na kuwahamishia wenyeji kando ya barabara kuu, ndani ya uzio. Jamaa yake mmoja alimletea habari hizo. Bi Thangi alizisimulia kwa sauti ya mtu anayesoma saa za treni. Mama alimwuliza, "Ulilia?" Bi Thangi akajibu kwamba siku hiyo alikuwa zamu, na wagonjwa walikuwa wengi.

Basi, soksi. Ilikuwa Jumapili, tumerudi kanisani, Bi Thangi akanivua viatu ili anipashe miguu mbele ya hita. Soksi ya kulia ilikuwa imegandamana na kisigino kwa damu. Viatu vile mama alininunulia vya shule, na mguu ulikuwa umekua. Lengelenge lilikuwa limepasuka na kuchubuka hadi nyama, na lilikuwa la siku nyingi. Alilibonyeza pembeni kwa kidole, akinitazama usoni.

"Inauma?"

"Hapana."

Akabonyeza tena. Baba alisimama mlangoni akiona, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaiona hofu usoni pake. Mimi sikuwa na hofu. Sikuwa na chochote. Niliutazama ule mguu kama mguu wa mtoto wa jirani.

"Wakesho," alisema Bi Thangi, "mara ya mwisho ulisikia baridi wapi?"

Daktari alikuwa ameniuliza nalala vipi, mwalimu akaniuliza kama namkumbuka mama. Swali hili hakuna aliyeniuliza, na jibu lake nilikuwa nalo.

"Stesheni," nikasema. "Mama alinishika mkono."

Nilizoea kwenda kumpokea mama stesheni ya Stechford, si mbali na kwetu. Jioni ile alishuka kwenye treni, akanishika mkono, akasema, "Mbona una baridi hivi, glavu zako ziko wapi?" Kisha akaanguka. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Hakuamka tena.

Bi Thangi alimwambia baba maneno ambayo nayaandika kwa Kiswahili, ingawa aliyasema kwa Kiingereza chake cha polepole. Alisema kwao wazee waliamini kila mtu ana roho mbili, moja yenye akili na moja pumbavu. Mtu akipatwa na mshtuko, ile pumbavu hubaki palepale ilipoogopa, haijui njia ya kurudi. Mwenyewe huenda akitembea na kula, lakini hayupo, na mwisho wake huugua akafa. Tiba ni kuifuata. Unaweka chuma cha jembe ndani ya mkoba, kigongane na chuma kingine, unakwenda hadi ilipobaki, unaiita kwa jina, kisha unarudi nyumbani taratibu. Roho hufuata mlio wa chuma. Ila usigeuke nyuma, wala usimjibu mtu yeyote, hadi umeingia ndani mwako na kukiweka chuma chini.

"Wewe si unaimba kwaya?" baba alimwuliza. Alikuwa Mwanglikana wa kukunja uso. "Tumeyaacha matambiko kwetu Taita, tuje kuyafanyia Birmingham?"

"Mimi ni Mkristo," alijibu. "Bibi yangu hakuwa. Yeye ndiye aliyeniita mimi utotoni."

Baba aliitazama ile soksi. Mfa maji hukamata maji. Jembe hatukuwa nalo, nani alime nini kwenye ua wa saruji? Akaenda kwenye koti lake la kazi, akarudi na spana zake mbili kubwa. "Kesho nazihitaji alfajiri," akasema.

Tulikwenda mchana uleule, mimi nimevaa ndara za Bi Thangi juu ya soksi, spana ndani ya mkoba wa shule mgongoni. Kabla ya kutoka aliniuliza mama aliniita vipi jioni nilipokuwa nikicheza nje. Nikamwambia. Akayarudia maneno njia nzima, chini chini, mpaka yakamkaa ulimini.

Jukwaa la stesheni lilikuwa tupu. Nilimwonyesha mahali. Sikuhisi lolote, nilitazama ganda la chungwa lililokanyagwa na nikasoma tangazo la sigara. Bi Thangi akasimama pale, akajifunga vizuri shuka lake la kufumwa la kwao, alilokuwa amelivaa juu ya koti, akaita:

"Wakesho, njoo nyumbani, jua limeshuka."

Aliita kwa sauti ya mama. Namaanisha ile namna ya kupandisha mwishoni, ambayo alikuwa ameisikia dirishani kwake juu pengine kila jioni. Aliita tena na tena. Halafu akanyamaza, akageukia upande yalikoishia mataruma, akaita jambo lingine kwa lugha yake, refu, kwa sauti ndogo. Nilidhani ni sehemu ya dawa.

Tukaanza kurudi. Yeye ubavuni pangu, spana zikilia kila hatua. Tulifika karibu na maduka, na hapo akatokea Mzee Mohinder, kilemba cha buluu, mkono umebeba vitunguu. Hakuwa ametuona tangu msiba.

"Jambo, mtoto yangu. Mimi nasikia habari ya mama. Pole sana, sana."

Sasa mniambie. Nililelewa na mwanamke aliyekuwa tayari kunichapa kwa kumpita mtu mzima bila salamu. Mdomo wangu haukuniomba ruhusa.

"Shikamoo, babu," nikasema. "Tumeshapoa."

Bi Thangi alisimama. Hakunikemea. Alifumba macho tu, na nikajua nimeharibu. Mzee Mohinder akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akauliza kuna nini. Bi Thangi akamweleza pale njiani, kwa maneno machache: kwamba mtoto hasikii maumivu, kwamba kuna kitu chake kilibaki stesheni, kwamba hatakiwi kusema na mtu. Nilimngoja mzee acheke, au atuambie habari za dini yake. Alikishika kilemba chake, akafikiri.

"Basi rudi tena," akasema. "Mimi natangulia mbele. Mtu akitaka sema na mtoto, mimi nasema na yeye."

Tukarudi stesheni, tukaita tena. Safari hii tulitembea watatu. Mzee Mohinder alitangulia na vitunguu vyake, kidole mdomoni kama mlinzi wa wodi. Muuza magazeti alitaka kuniita, mzee akamsimamia mbele. Mama mmoja wa kanisani alivuka barabara na mikono imenyooshwa, mzee akamwinamia na kumwambia Kiingereza kirefu mpaka tukapita. Mimi nilitazama mgongo wa koti lake. Nilisikiliza chuma. Sikuamini na sikukataa, nilifuata tu.

Baba alikuwa ameuacha mlango wazi, na joto lote la hita lilikuwa limekimbilia nje. Niliingia sebuleni, nikautua mkoba sakafuni. Spana zikagonga mara ya mwisho. Tukasubiri, wote wanne, hakuna aliyejua tunasubiri nini. Mzee Mohinder alipoona haitokei kitu, akaweka vitunguu viwili mezani na kuaga kwa mkono.

Hata usiku haukuwa umeingia sawasawa. Baba alinitaka nijaribu viatu ili ajue kama vitafaa shule kesho. Niliuingiza mguu wa kulia, nikasimama.

"Baba," nikasema, "kiatu kinanibana."

Akapiga magoti.

"Kinauma," nikasema. "Baba, kinauma sana."

Nikaanza kulia kwa sababu ya kisigino. Nililia kwa sababu ya kisigino kwa muda mrefu, kisha kikasahaulika nikawa nalia lile lenyewe, na baba aliyekuwa amepiga magoti kunifungua kamba akabaki pale chini, uso wake kwenye magoti yangu. Alikuwa analia pia. Mkono wake ulikuwa wa baridi sana, nami nikausikia.

Nimekuwa muuguzi kama mama, nimestaafu, na nimesoma vya kutosha kujua wasomi wangeliitaje lile jambo. Sibishani nao. Pengine mtoto aliyeshtuka alihitaji tu kurudishwa mahali, na kuitwa kwa sauti inayofanana na ile iliyonyamaza. Maelezo hayo yananitosha kwa upande wangu. Jambo ninalolirudia ni lingine, dogo, na lilitokea wakati bado nalia.

Bi Thangi aliinama, akauokota mkoba. Baba akainua kichwa na kusema, "Asante, dada yangu." Hakujibu. Baba akasema, "Spana niachie, nazihitaji asubuhi." Hakujibu pia. Akatoka nje kwenye baridi, akakaa kidogo, akaingia tena, akapita mbele yetu bila kututazama na kuanza kupanda ngazi. Alipanda taratibu mno, mkoba mgongoni, chuma kikigongana kila kipandio, na hakugeuka. Tulidhani amechoka, na baba akanong'ona kwamba pengine tumemuudhi. Asubuhi baba alizikuta spana zimelazwa sakafuni ndani ya chumba cha juu, karibu na kizingiti. Bi Thangi alikuwa amekwenda zamu. Mlango wa chumba ulikuwa umeachwa wazi, na kwa ile baridi iliyokuwa humo, ulikuwa umelala wazi usiku kucha.

Hakulitaja kamwe, wala hatukumwuliza. Alihamia Perry Barr mwaka uliofuata, akafanya kazi, akazeeka, nami nilimtembelea hadi mwisho. Kijiji chake kilichochomwa kilikuwa mbali, njia ya kisimani imeota msitu, na waliokuwa wakijua kumwita walikuwa wamefungiwa ndani ya uzio. Kuiita roho yake alikuwa tu na jukwaa la stesheni ya watu na spana za kuazima. Sijui kama mlio wa spana mbili unafika huko. Kila nilipomtembelea alinifungulia mlango, akanikaribisha, na ilikuwa lazima mimi ndiye niufunge.