Ndege wa Kishungi Kwenye Mazishi ya Mjomba

Juzi hapa Kitale, ndege mdogo mwenye kishungi alitua dirishani pangu akadonoa ganda la ndizi, nikakumbuka mchana mmoja kwa nyanya, Kimilili.

Udongo mbichi ulinukia. Wazee walishusha kaburini shina la mgomba lililovikwa koti la mjomba, aliyepanda mlimani asirudi. Mimi, mtoto bado, nilidhani wanapanda ndizi. Ndege kama huyu alikuwa mezani akila ndizi ya wageni. Kila akimeza, kishungi kilisimama. Nikaokota jiwe.

“Wacha ale,” nyanya akaniambia. “Si ametoka mbali?”

Sasa najua shina lile lilizikwa badala ya mwili ambao haukupatikana. Kuhusu ndege, kama alikuwa mjomba, sijui. Huyu wa dirishani nilimmenyea ndizi nyingine, nikaacha dirisha wazi.